Mboga za Haidroponiki Zikinyong'onyea, Anza na Mizizi

Jani la njano ndilo linalowaponza wakulima wengi wa haidroponiki nyumbani. Likionekana tu, mkono unakwenda kwenye chupa ya mbolea. Kinamiminwa kifuniko kimoja, siku mbili zinapita, njano inazidi, kinaongezwa kingine. Wiki haijaisha kingo za majani zimeungua, mizizi imegeuka kahawia, na mwenye mboga anaapa kwamba kilimo cha bila udongo hakiwezekani kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa. Kinawezekana. Ila mara nyingi mmea ule haukuwa na njaa hata kidogo. Ndoo ilikaa juani, maji yakapata uvuguvugu, mizizi ikakosa pumzi, na mzizi usiopumua hauwezi kula hata ukizungukwa na chakula. Mgonjwa anayetweta hapelekewi sahani ya pilau, anafunguliwa dirisha.

Kwa hiyo mwongozo huu unageuza utaratibu ambao wengi wameuzoea. Jani tutalisoma, tena kwa makini, lakini baadaye. Kwanza mizizi na joto la maji, halafu maji yenyewe kabla hayajatiwa kitu, halafu pH, yaani uchachu wa maji, halafu nguvu ya mbolea. Ukifuata njia hiyo, utakapofika kwenye jani utakuta maswali mengi yameshajibiwa.

Na kabla ya kushika chochote, simama hatua mbili nyuma uangalie ugonjwa umekaaje. Mimea yote ikiwa imedhoofika kwa pamoja, kosa liko kwenye kitu wanachoshiriki wote: maji, mbolea au joto. Mmoja tu akiwa mgonjwa katikati ya wazima, tafuta mdudu, shina lililovunjika, au mche uliokuwa dhaifu tangu kitaluni. Ukiwa unatumia mabomba ya PVC na wagonjwa wote wako mwisho wa bomba, maji hayawafikii vizuri au yanawafikia yakiwa yameshaisha hewa. Fungua bomba hapo, mara nyingi utakuta mizizi ya wenzao wa juu imejisokota na kuziba njia.

Inua kifuniko

Toa kikombe cha mmea taratibu, asubuhi jua likiwa bado halijakali, uitazame mizizi kwenye mwanga. Mizizi yenye afya ni myeupe au inaelekea manjano kidogo, imekaza, ina vinyweleo, na hainuki. Rangi pekee isikutishe, maana chuma kilichomo kwenye mbolea huweza kuipaka rangi ya chai bila kuidhuru. Kipimo cha uhakika ni vidole. Shika mzizi mmoja uuvute polepole. Mzima utakataa. Uliooza utavuka ganda lake la nje, libaki vidoleni mwako likiteleza, na kwenye mmea utabaki uzi mwembamba uliochakaa. Halafu nusa. Harufu ya tope la mtaro maana yake ni moja tu.

Uozo huo mara nyingi huletwa na Pythium, kiumbe kinachofanana na kuvu ambacho vimbegu vyake vinaogelea majini kutoka mzizi hadi mzizi. Kama umewahi kuotesha miche kwenye udongo unamjua tayari, kwani ni mmoja wa wale wanaoleta kinyausi kitaluni. Kwenye ndoo anapata kila anachokipenda: maji, uvuguvugu, na mizizi iliyochoka.

Kwa nini joto lina uzito hivyo? Lita moja ya maji safi yenye nyuzi 20 za Selsiasi inaweza kubeba takriban miligramu 9 za oksijeni. Yakifika nyuzi 30 yanabeba kama 7.5. Tofauti inaonekana ndogo, lakini wakati huohuo mzizi ulio kwenye joto unapumua kwa kasi zaidi na unahitaji oksijeni nyingi kuliko mwanzo. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka, na Pythium anastawi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na mbolea bora kuliko zote na bado mboga zikafa mwezi wa pili, pwani ikiwa inawaka.

Nunua kipimajoto cha tangi la samaki, ni cha bei ndogo, ukitumbukize saa nane mchana. Nyuzi 18 hadi 22 ndiyo raha ya mboga nyingi za majani. Hadi 25 hali inavumilika. Ukisoma 28 na kuendelea, acha mambo mengine yote ushughulikie joto. Hamishia ndoo kivulini. Mmea unataka jua, ndoo haitaki. Paka tabaka jeusi kuzuia mwanga usipenye, kisha jeupe juu yake ili lirudishe joto. Ndoo ya lita 20 huchelewa kupata joto kuliko ya lita 5, kwa hiyo anayeishi pwani asianze na vyombo vidogo. Usiweke ndoo juu ya sakafu ya saruji au bati linalopigwa na jua, inue kwa tofali au ubao. Chupa ya maji iliyogandishwa kwenye friji ikitumbukizwa mchana inasaidia, mradi imefungwa vizuri. Na kama unachota maji kutoka simtanki jeusi lililoko juu ya paa, chota alfajiri. Yale ya saa tisa alasiri yanaweza kutoka ya moto kiasi cha kuishtua mizizi.

Anayelima Nairobi, Iringa au Mbeya ana tatizo la upande wa pili. Mwezi wa saba maji yakishuka chini ya nyuzi 15, mzizi hupata shida kunyonya fosforasi, na majani huweza kupiga rangi ya zambarau ingawa fosforasi imejaa tele majini. Hapo pia usiongeze mbolea. Funika tangi, liingize ndani usiku.

Hewa ni neno la pili. Ukitumia ndoo isiyo na pampu, njia iliyoenezwa na Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii, uhai wote wa mmea umo kwenye ile nafasi tupu kati ya maji na kifuniko. Maji yanapopungua, mizizi ya juu inageuka kuwa ya kuvutia hewa, ya chini inaendelea kunywa. Kosa linaloua mimea mingi kwenye njia hii ni la mtu mwenye huruma: anaona maji yamepungua, anajaza ndoo hadi juu, na mizizi ya hewa inazama. Siku ya pili mmea umenyauka katikati ya maji. Ukilazimika kuongeza, ongeza kidogo, uache angalau nusu ya mizizi iliyoning'inia ikiwa nje ya maji.

Wenye pampu ya hewa, sikilizeni kama bado inanguruma na viputo vinatoka kwa wingi uleule, maana jiwe la hewa huziba kwa chumvi polepole bila mtu kugundua. Pampu ikae juu kuliko usawa wa maji ili umeme ukikatika maji yasirudi kwa mpira na kuiua. Wenye mabomba ya maji yanayotiririka wana hatari kubwa zaidi wakati wa mgao wa umeme: pale mizizi ina utando tu wa maji, na adhuhuri yenye joto inaweza kuinyausha mimea kabla hujarudi kutoka sokoni. Kama umeme wa mtaani kwenu hautabiriki, ushauri wangu ni kutumia ndoo badala ya mabomba, au uweke betri ndogo ya akiba. Bomba nalo lipate mteremko wa kutosha, kama sentimita 5 kwa kila mita 2, bila bonde la katikati ambamo maji yanatuama.

Ukikuta utelezi wa kijani kwenye kuta za ndoo, huo ni mwani, na maana yake mwanga unaingia. Chupa zinazopenya mwanga, matundu ya kifuniko yaliyokatwa makubwa kuliko kikombe, mpira mweupe wa maji, vyote ni milango. Mwani ukifa na kuoza hunyang'anya mizizi oksijeni. Dawa yake ni giza. Sumu ya mwani iache dukani.

Maji kabla ya mbolea

Watu wengi hupima maji baada ya kuchanganya na hawajui yalikuwaje kabla. Pima EC ya maji matupu, yaani uwezo wake wa kupitisha umeme (kwa mS/cm), kipimo ambacho hutueleza ni chumvi kiasi gani zimeyeyuka ndani. Maji ya mvua yanakaribia sifuri. Maji mazuri ya bomba huwa chini ya 0.5. Lakini visima vingi vya Dar es Salaam na vya ukanda wa pwani vina maji ya chumvi, na unaweza kusoma 1.5 au 2 kabla hujatia hata chembe ya mbolea. Hapo mchezo umeshaharibika: kipimo kitakuambia maji yana nguvu ya kutosha, kumbe nguvu yenyewe ni sodiamu na kloridi, vitu ambavyo letusi haina kazi navyo. Kingo za majani ya chini zinakauka na mmea unadumaa.

Suluhisho la maji ya chumvi halimo kwenye dawa yoyote. Tafuta maji mengine, au uchanganye na ya mvua. Kukinga maji ya paa wakati wa masika, ukimwaga yale ya kwanza yanayoosha vumbi na kinyesi cha ndege, hukupa maji bora kuliko ya kisima chochote cha mjini.

Sehemu nyingi za Arusha na Meru maji ya ardhini yana floraidi na magadi. Floraidi ni habari ya meno na mifupa, ila magadi ndiyo yatakayokusumbua kwenye ndoo: unashusha pH leo, kesho imepanda tena, keshokutwa hivyohivyo. Ukiona pH isiyotulia kwa namna hiyo, lawama iende kwenye maji, mmea hauhusiki.

Maji ya bomba yenye harufu ya klorini yaache usiku kucha kwenye ndoo iliyo wazi. Inatosha.

pH, na kwa nini chuma kinakosekana penye chuma

pH ya 5.5 hadi 6.5 ndiyo nyumba ya karibu kila mboga utakayolima nyumbani, lenga 5.8 hadi 6.0 usiwe na wasiwasi. Ikipanda kuelekea 7 na zaidi, chuma, manganizi na fosforasi huanza kujifunga na vitu vingine na kuzama chini, na mmea hauwezi kuvinyonya. Chuma cha mbolea kimefungwa ndani ya kemikali inayokilinda, na ulinzi huo una kikomo. Ile ya kawaida na ya bei nafuu, EDTA, huanza kulegea pH ikivuka 6.5 hivi, DTPA huvumilia hadi karibu 7, EDDHA huvumilia zaidi ya hapo. Angalia lebo ya mbolea yako imeandikwa ipi. Jua kali nalo huvunja ulinzi huo, sababu nyingine ya kuficha maji yasione mwanga.

Pima pH baada ya kuchanganya mbolea, kwa kuwa mbolea yenyewe huishusha. Na usiamini kipima ambacho hakijalinganishwa. Vile vidogo vya mkononi hupotea njia baada ya wiki chache. Vinauzwa na vipakiti vya unga wa kulinganishia, mara nyingi 4.01 na 6.86, na watu huvitupa pamoja na boksi. Vitunze. Ncha ya kipima ikikauka inakufa, hivyo iwekee matone ya maji yake maalumu kwenye kifuniko. Ukikosa kipima cha uhakika, matone ya rangi ya kupimia tangi la samaki ni ya kuaminika kuliko kipima kibovu chenye tarakimu mbili nyuma ya nukta.

Kushusha pH watu hutumia limau na siki. Hufanya kazi kwa siku moja au mbili, kisha vijidudu vya majini hula ile tindikali na pH inarudi ilikotoka. Umepata utelezi wa ziada bure. Asidi ya fosfori inayouzwa kwa kazi hii ni bora, na unatia matone, unakoroga, unasubiri, unapima tena. Tindikali inatiwa kwenye maji, kamwe maji yasimwagwe kwenye tindikali. Ninawasihi sana wanaoshauriana kuchota maji ya betri ya gari kuukuu waache: yamekaa na risasi miaka mingi, na mboga hiyo mtailisha familia. Kupandisha pH tumia potasiamu haidroksaidi kidogo sana, ukivaa glavu. Magadi soda ya jikoni hupandisha pia, lakini kila kijiko kinaacha sodiamu.

pH ikipanda polepole, nusu hatua kwa siku kadhaa, mara nyingi ni dalili njema. Mmea unaokula nitrojeni ya naitreti huyaacha maji yakielekea juu. Ikianguka ghafla chini ya 5, rudi kwenye mizizi ukanuse.

Nguvu ya mbolea

Hapa kuna jambo moja ambalo likieleweka linaokoa mboga nyingi. Usisome EC peke yake. Isome pamoja na usawa wa maji. Weka alama ya kalamu ndani ya ndoo, andika EC, rudi baada ya siku mbili. Maji yamepungua na EC imepanda: mmea umekunywa maji ukaacha chumvi, kwa hiyo mchanganyiko ni mkali mno, ongeza maji matupu. Maji yamepungua na EC imeshuka: mmea ulikuwa na njaa kweli, ongeza mbolea kidogo. Maji yamepungua na EC haikusogea: umepatia, usiguse kitu. Maji hayakupungua kabisa wakati jua lilikuwa kali: mizizi haifanyi kazi, rudi mwanzo wa mwongozo huu.

Kwa tarakimu za kuanzia, miche iliyotoka kitaluni inatosheka na 0.5 hadi 0.8. Letusi na mrehani ziwe karibu na 1.0 hadi 1.5. Mboga nyingine nyingi za majani hustawi kati ya 1.2 na 1.8. Nyanya hutaka 2.0 hadi 3.5, zaidi zikiwa zimebeba. Wakati wa joto kali shuka upande wa chini, kwa kuwa mmea unakunywa maji mengi na chumvi zinarundikana. Tahadhari na kipima kinachoonyesha ppm: watengenezaji wengine huhesabu EC 1.0 kuwa ppm 500, wengine 700. Mtu anayefuata jedwali la hesabu moja kwa kipima cha hesabu nyingine ataunguza mboga au azinyime chakula kwa uaminifu kabisa.

Na mbolea yenyewe ni ipi? Hapa ndipo kilimo cha shamba kinapotupotosha. Yurea ni mbolea nzuri shambani kwa sababu udongo una bakteria wanaoigeuza. Kwenye ndoo safi mmea hupata shida kuitumia, na kibaya zaidi haipitishi umeme, hivyo kipima cha EC hakiioni. Unaweza kuirundika hadi mmea ukafa huku kipima kinasoma kidogo. DAP ya kupandia mahindi na CAN ya kukuzia zina amonia nyingi na mabaki yasiyoyeyuka yanayoziba pampu. Tumia kalsiamu naitreti ya kuyeyuka, magnesiamu salfeti, na NPK ya maji yenye virutubisho vidogo vyote ndani yake. Kalsiamu naitreti isikutane na vile vingine vikiwa bado vikali. Vitashikana na kuwa unga mweupe unaozama, ambao ni kalsiamu uliyoilipia na mmea hautaionja. Yeyusha kila kimoja kwenye maji yake, mimina cha kwanza kwenye ndoo kubwa iliyojaa, koroga, ndipo umimine kingine. Chupa zinazouzwa kwa jozi, A na B, zimetenganishwa kwa sababu hiyohiyo.

Wanaotumia makumbi ya nazi yaliyosagwa kama kishikio cha mizizi, neema kubwa ya pwani yetu, wayaoshe kwanza kwa maji matamu mara kadhaa, hadi maji yanayotoka yawe na EC ndogo. Makumbi mabichi huja na sodiamu na potasiamu nyingi, na hung'ang'ania kalsiamu ya mbolea mpaka yashibe. Ukiyalowesha usiku mmoja kwenye kalsiamu naitreti kabla ya kupanda, unakata deni hilo mapema.

Sasa soma jani

Elimu ya kusoma majani ilizaliwa majini. Eusèbe Gris huko Ufaransa alionyesha miaka ya 1840 kwamba majani yaliyopauka hurudi kijani yakipewa chuma. Julius von Sachs wa Ujerumani akaotesha mimea kwenye maji yenye chumvi zilizopimwa mnamo 1860, na mwaka 1938 Dennis Hoagland na Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California wakachapisha mchanganyiko ambao maabara bado zinautumia. Njia yao ilikuwa kuondoa kirutubisho kimoja tu na kutazama jani linalalamika vipi. Kwa hiyo dalili zilizo vitabuni zilipatikana kwenye mizizi mizima, maji safi na pH sahihi. Ndiyo sababu nimekufikisha hapa kwa kuzunguka.

Swali la kwanza la kuliuliza jani ni umri. Nitrojeni, fosforasi, potasiamu na magnesiamu mmea unaweza kuvihamisha. Vikipungua huvitoa kwenye majani ya zamani kulisha machanga, hivyo dalili huanzia chini. Chuma, kalsiamu, manganizi na boroni havihami kirahisi. Vikikosekana, jani changa la juu ndilo linaloumia.

Jani la chini lote likipauka sawasawa, mishipa na nyama, ni nitrojeni. Jani la chini likiwa njano huku mishipa imebaki kijani, ni magnesiamu. Kingo za majani ya chini zikikauka rangi ya kahawia, fikiria potasiamu, lakini kumbuka chumvi iliyozidi hufanya vilevile, kwa hiyo amua kwa kipima cha EC. Jani jipya la juu likitoka njano lenye mishipa ya kijani, ni chuma, na mara tisa kati ya kumi pH ndiyo imekificha. Shusha pH kwanza, usikimbilie kununua chuma.

Kalsiamu inastahili maneno zaidi, maana ndiyo inayowachosha wakulima wa pwani. Ncha za majani ya ndani ya letusi zinaungua, au nyanya zinaoza kitako, na mtu anamimina kalsiamu bila nafuu. Kalsiamu husafiri na maji yanayovutwa juu na jani linapopoteza unyevu. Hewa ikiwa nzito na imetulia, kama ilivyo mara nyingi Tanga au Unguja, jani la ndani lililofunikwa na wenzake halipotezi maji na kalsiamu haifiki, hata kama ndoo imejaa. Panda kwa nafasi, punguza majani, ruhusu upepo upite, weka feni ndogo kama uko ndani, na shusha EC kidogo ili maji yavutike kirahisi. Kwa nyanya, ongeza hilo la kutoacha maji yakauke na kujaa ghafla.

Jani likinyauka adhuhuri na kuamka jioni, linajilinda na jua. Upe mmea kivuli cha neti. Likinyauka na kubaki hivyo hadi asubuhi, ni mizizi.

Wadudu nawasemea kwa ufupi, si kwa kuwa ni wachache. Geuza jani. Vidukari, inzi weupe na utitiri wote hukaa chini yake, na utitiri huacha vidoadoa vya njano vinavyofanana sana na upungufu wa virutubisho hadi uone utando mwembamba. Nyanya yenye majani yaliyojikunja juu na kudumaa, ukiona na inzi weupe, ing'oe mapema. Virusi havina dawa na jirani zake wako hatarini. Maji ya sabuni au mafuta ya mwarobaini pulizia jioni, upande wa chini wa majani, na ufunike ndoo yasidondokee ndani.

Kuokoa na kuacha

Ukiwa hujui tatizo ni nini na mimea inazidi kudhoofika, hatua ya kwanza iliyo salama ni kumwaga maji yote. Osha ndoo, suuza mizizi kwa maji baridi ya kawaida, kata iliyooza kwa mkasi safi, weka mchanganyiko mpya wenye nusu ya nguvu ya kawaida na pH ya 5.8, sogeza mmea kivulini, na upunguze baadhi ya majani makubwa ili mizizi iliyobaki isielemewe. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inayouzwa famasi, kama mililita 3 kwa kila lita ya maji, hupunguza makali ya uozo kwa muda. Haitaondoa chanzo kama maji yatabaki ya moto.

Baada ya hapo badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, uandike tarehe, joto, pH na EC kwenye daftari. Ukibadilisha mbolea, kivuli na pampu siku moja, mmea ukipona hutajua umeponywa na nini. Usitazame majani ya zamani kutafuta nafuu, lililoungua halirudi. Tazama jani jipya na ncha za mizizi. Ncha nyeupe zinazochipua ndani ya wiki moja hivi zinatosha kukupa moyo.

Zisipochipua, ng'oa. Mmea mmoja uliooza kwenye tangi la pamoja unaambukiza wote, na kuulilia wiki tatu ni hasara kuliko mche wa shilingi chache. Kisha sugua ndoo, mabomba, vikombe na mawe ya hewa kwa sabuni, loweka nusu saa kwenye maji yenye Jik, kipimo kimoja cha Jik kwa tisa vya maji, suuza hadi harufu iishe, anika juani. Vifaa vilivyotiwa Jik visichanganywe na asidi ya kushushia pH kabla havijasuuzwa, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi yenye sumu.

Na unapopanda upya, jiulize kama mmea wenyewe ulikuwa unafaa. Letusi ni zao la ubaridi. Mbegu zake hugoma kuota joto likizidi nyuzi 30 hivi, na mche unaokulia kwenye joto hurefuka, hutoa ua na kuwa mchungu hata maji yakiwa kamili. Pwani, kuanzia Novemba hadi Machi, ipe likizo. Panda mchicha, mrehani au matembele, mimea inayolipenda joto lenyewe, na letusi uirudishe Juni, kusi likivuma na maji ya ndoo yakisoma nyuzi 24 saa nane mchana.